MTOTO ALIYE MBELE YA HAKIMU APATE MSEMAJI WAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, na kuchapwa hapa kwa ombi lao)



Halmashauri ya tawi imetutaka tuseme juu ya watoto wanaopelekwa mahakamani, na khasa juu ya kutetewa kwao. Sisi si mawakili. Elimu yetu ni ya chuoni na kazi yetu ni duka. Walakin mwenye duka huona mengi ambayo wakubwa wa ofisi hawayaoni. Mzazi ambaye mwanawe amechukuliwa usiku huja asubuhi kukopa nauli ya kwenda kituoni, na huku anaihesabu ile nauli husema maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi: "Nitamwambia aseme tu, aombe radhi, turudi nyumbani." Maneno hayo hutoka katika moyo mwema. Leo tumekuja kueleza kwa nini yana khatari.

Tutakwenda mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikojaribiwa kwa muda mrefu, likaharibika mbele ya macho ya watu, na khabari zake zikaandikwa zikahifadhiwa.

Mwaka 1899, katika mji wa Chicago, ilifunguliwa mahakama ya mwanzo ya watoto nchini humo. Walioianzisha walikuwa watu wema, wala hatuwadharau. Walikuwa wakiona watoto wadogo wakitiwa katika chumba kimoja na wezi wakongwe, wakatoka humo wamehitimu wizi. Wakasema: mtoto asishtakiwe kama mkubwa. Hakimu awe kwake mfano wa baba, amuulize kwa upole, atazame hali ya nyumbani kwao, kisha amwekee dawa badala ya adhabu. Na kwa kuwa hakimu ni baba, wakili wa nini? Nani aliyewahi kumwona mtoto akiitwa na babaye chumbani akaingia na wakili? Hati ya mashtaka, kiapo, shahidi na kuhojiwa kwake, vyote hivyo vikahesabiwa kuwa ni makelele yatakayomtia mtoto hofu. Mtindo huo ukaenea katika majimbo karibu yote, na kwa zaidi ya miaka sitini watu wengi wakauona kuwa ni huruma tupu.

Sasa sikilizeni yaliyompata Gerald Gault.

Gerald alikuwa kijana wa miaka 15 katika mji mdogo wa Globe, jimbo la Arizona. Tarehe 8 Juni 1964, saa nne za asubuhi, alikamatwa pamoja na rafiki yake kwa sababu mama mmoja jirani alilalamika kuwa amepigiwa simu na kuambiwa maneno ya aibu. Wazee wa Gerald wote wawili walikuwa kazini. Waliomkamata hawakuacha karatasi mlangoni wala hawakumtuma mtu. Mama aliporudi jioni hakumkuta mwanawe, akamtuma kaka yake kumtafuta kwa majirani, na kwa majirani ndiko ilikopatikana khabari kwamba mtoto yuko kizuizini. Akafuata huko, akaambiwa kwa mdomo tu kwamba kesi itasikilizwa kesho yake saa tisa.

Ikasikilizwa katika chumba cha hakimu. Mama aliyelalamika hakuwepo. Hakuna aliyeapishwa. Hakuna karani aliyeandika yaliyosemwa. Ilikuwapo karatasi ya mashtaka iliyoletwa siku ile ile, walakin wazee hawakupewa, na hata lau wangalipewa isingaliwafaa, kwani ilisema tu kwamba huyu ni mtoto mkosefu anayehitaji ulinzi wa mahakama. Kosa gani, lini, kwa nani, haikusema. Mtoto akaulizwa, akajibu. Alijibu nini? Hapo ndipo penye msiba, ndugu zetu. Baadaye, watu hao hao walipotakiwa kueleza, kila mmoja alikumbuka lake. Mama alisema mwanawe alikiri kuizungusha namba tu, kisha akampa rafiki yake simu. Ofisa wa uangalizi alikumbuka kuwa alikiri kusema maneno machafu. Hakimu naye alikumbuka kuwa alikiri moja tu katika maneno hayo machafu. Daftari halikuwapo la kuwaamua.

Sisi wa duka tunalifahamu jambo hili. Mtu akidaiwa shilingi elfu tano na hakuna lililoandikwa, basi deni huwa ni lile analolikumbuka mwenye sauti kubwa. Na katika chumba kile mwenye sauti kubwa hakuwa mtoto.

Gerald aliachiwa baada ya siku chache, na mama yake akapokea kijikaratasi kisicho hata na nembo ya mahakama, kumjulisha kwamba tarehe 15 Juni kesi itaendelea. Siku hiyo mama aliomba jambo moja la haki kabisa: yule mlalamikaji aletwe, aseme ni yupi katika watoto wawili hawa aliyemtukana. Hakimu akajibu kuwa hapana haja ya kumleta. Kisha akatoa amri: Gerald apelekwe katika skuli ya kazi ya Serikali ya jimbo mpaka atimize miaka 21, ila akiachiwa kabla. Miaka sita kasoro kitu.

Lau kosa lile lingalifanywa na mtu mzima, sheria ya Arizona ilimpasa kutozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa muda usiozidi miezi miwili. Mkubwa miezi miwili, mtoto miaka sita. Na mkubwa angalipata wakili, na mashahidi, na rufaa, na mtoto hana hata kimoja, kwani jimbo lile halikuruhusu rufaa katika kesi za watoto. Yote hayo kwa jina la kumhurumia.

Na mkumbuke hilo neno "skuli". Skuli gani ambayo mwanafunzi hatoki akitaka, na mama yake haingii ila kwa ruhusa? Sisi wa Visiwani tusiwacheke Wamarekani kwa hili, kwani hapa petu jela imepewa jina la Chuo cha Mafunzo, na hatujapata kumwona mzazi aliyefanya karamu kwa kuwa mwanawe amepata nafasi katika chuo hicho.

Wazee wa Gerald hawakukaa kimya. Walimpata wakili, bibi mmoja jina lake Amelia Lewis. Kwa kuwa njia ya rufaa ilifungwa, alipita mlango mwengine, ule wa kuiomba mahakama imtake aliyemzuia mtu aje aeleze anamzuia kwa sheria gani. Akashindwa Arizona mara ya kwanza, akashindwa mbele ya mahakama ya juu ya jimbo, ndipo jambo likafika katika Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe. Hapo alisimama wakili Norman Dorsen mwezi wa Disemba 1966, na tarehe 15 Mei 1967 hukumu ikasomwa. Aliyeiandika ni Jaji Abe Fortas. Bwana huyu, kabla hajawa jaji, ndiye aliyemsimamia Clarence Gideon, maskini wa Florida aliyeandika maombi yake jela kwa penseli, na ambaye kwa ajili yake iliamuliwa mwaka 1963 kuwa mtu mzima asiye na fedha apewe wakili katika makosa makubwa. Basi alikuwa akiijua khabari ya mtu kusimama peke yake mbele ya dola.

Fortas hakutukana nia njema ya wale wa mwaka 1899. Alisema, kwa maana yake, kwamba nia njema ya hakimu, hata ikiwa kubwa namna gani, haisimami badala ya sheria, na kwamba kule kuwa mtoto si sababu ya kuhukumiwa katika mahakama ya mchezo. Kwa hivyo, mtoto anayekabiliwa na kuondolewa nyumbani kwao na kufungiwa, yeye na wazee wake wajulishwe mashtaka kwa maandishi na mapema, ili wapate kujitayarisha. Waambiwe kuwa ana haki ya wakili, na ikiwa hawana fedha, mahakama imwekee. Anayemshtaki aje aseme mbele yake na aulizwe. Na mtoto asilazimishwe kujitia hatiani kwa ulimi wake mwenyewe.

Tukiyatazama mambo hayo tunaona kuwa matatu yote yanategemea lile la wakili. Mtoto wa miaka 15 atajuaje kuwa karatasi ya mashtaka ina kasoro? Atamhojije jirani yake aliye rika la mama yake? Na kwa malezi yetu ya Kiswahili, mtoto anayemkazia macho mtu mzima na kumwambia "si kweli" amekwisha poteza kesi kabla hajafika katikati ya maneno. Hana adabu huyu! Ndipo panapohitajiwa mtu mzima wa kuyasema hayo kwa niaba yake, kwa heshima na kwa sheria.

Najua wako wazee hapa wanaosema moyoni: mtoto akipewa wakili atafundishwa uongo, na kesho atarudi mtaani na ujeuri mara mbili. Tunawaheshimu, lakini tuwaulize. Chuoni tulikosoma sote, mwalimu alikuwa na bakora na hakuiweka kwa pambo. Hata hivyo juzuu ilipopotea, mwalimu aliuliza kwanza nani ameona, na mwengine akisimama kusema "huyu alikuwa na mimi kisimani", mwalimu alimsikiliza. Na katika chuo hicho hicho tulifundishwa kwamba kalamu haimwandiki mtoto mpaka abaleghe. Dini imemsamehe mtoto hesabu, nasi tumnyime hata msemaji?

Sasa turudi kwenye yale maneno ya mzazi anayekopa nauli. Mwaka 1989, usiku wa tarehe 19 Aprili, mwanamke mmoja alishambuliwa vibaya katika bustani ya Central Park, mjini New York, akiwa katika kukimbia kwa ajili ya afya yake. Mji mzima ulighadhibika. Polisi wakakamata vijana, na mwishoni watano wakashtakiwa: Antron McCray, Kevin Richardson, Yusef Salaam, Raymond Santana na Korey Wise. Wanne walikuwa weusi na mmoja mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, na umri wao ni baina ya miaka 14 na 16. Wise hakuwa hata akitafutwa. Alifuatana na rafiki yake Salaam kituoni ili asiende peke yake. Wakahojiwa kwa saa nyingi, usiku na mchana, bila ya mawakili. Wanne wakakiri mbele ya kamera. Wao wenyewe walisema baadaye kuwa walidhani wakisema yanayotakiwa wataachiwa warudi nyumbani.

Yamkini mtu akauliza: mtu atakirije asilolifanya? Jawabu ni kwamba mtoto hahesabu kama mkubwa. Mkubwa huiona miaka iliyo mbele. Mtoto huuona mlango. Maelezo yao hayakulingana juu ya mahali, wala juu ya wakati, na alama za mwili zilizochukuliwa kwa vipimo hazikuwa za hata mmoja wao. Walihukumiwa vivyo hivyo mwaka 1990, na wakatumikia baina ya miaka sita na kumi na mitatu. Mwaka 2002 mtu mwengine, aliyekuwa jela kwa makosa yake mengine, alikiri kuwa ni yeye peke yake, na vipimo vikamthibitisha. Hukumu za wale watano zikafutwa mwezi wa Disemba mwaka huo. Mwaka 2014 mji wa New York ulikubali kuwalipa dola milioni 41. Yusef Salaam alichaguliwa kuwa diwani wa mji huo huo mwaka 2023. Twafurahi kwa ajili yake, lakini hakuna fedha inayomrudishia mtu umri wake wa miaka 15.

Angalieni sana: baadhi ya watoto wale walikuwa na wazee wao kituoni. Kwa hivyo mtu asituambie kuwa mzazi akiwapo yatosha. Mzazi ana hofu, ana aibu ya mtaa, ana hasira na mwanawe, na pengine ni yeye wa mwanzo kumpiga kibao mbele ya askari na kumwambia "sema!" Yeye anataka mambo yaishe. Wakili mwema wa mtoto hatumikii hofu ya mzazi. Hata ikiwa fedha ni ya baba, mteja ni mtoto, na siri za mtoto ni amana kwake. Kazi yake ni kusema analolitaka mtoto, baada ya kumweleza kwa maneno mepesi njia zilizopo na mwisho wa kila njia. Wazee wengi hulichukia jambo hili, tena hulichukia kwelikweli. Tunasema lichukieni, lakini lifahamuni.

Tena haki iliyoandikwa vitabuni huweza kuibiwa kwa kalamu. Katika wilaya ya Luzerne, jimbo la Pennsylvania, miaka karibu arubaini baada ya kesi ya Gault, mahakimu wawili, Mark Ciavarella na Michael Conahan, walipokea dola milioni 2.8 kutoka kwa watu waliojenga na kumiliki nyumba za kuwazuilia watoto. Ciavarella akawa akizijaza. Msichana wa skuli aliyemfanyia mzaha naibu wa mkubwa wa skuli yake katika mtandao alihukumiwa miezi mitatu, na kesi yake haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Mtauliza, na mawakili walikuwa wapi? Yapata nusu ya watoto waliopita mbele ya hakimu yule hawakuwa na wakili. Walipewa karatasi mlangoni ya kusema hawamhitaji, wakaitia saini, wao na wazee wao, wakidhani kuwa kufanya hivyo ni adabu na kutamaliza mambo upesi. Ni mama wa yule msichana aliyepiga simu katika kituo cha sheria za watoto mjini Philadelphia, na kutoka hapo fundo likaanza kufunguka. Mwaka 2009 mahakama ya juu ya jimbo ilifuta hukumu za maelfu ya watoto. Ciavarella alipewa miaka 28 mwaka 2011, na Conahan miaka 17 na nusu, ingawa huyu wa pili alipunguziwa adhabu na Rais Biden mwezi wa Disemba 2024, jambo lililowaumiza sana wazee wa watoto wale.

Muuzaji anaposhika mizani kwa mkono wake na kukwambia "niamini", huenda ni mwaminifu kweli. Lakini wewe unaitaka mizani ining'inie, uione.

Na sisi je? Ulimwengu uliandika Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, na ibara zake za 37 na 40 zinampa mtoto aliyezuiliwa au kushtakiwa haki ya msaada wa kisheria, tena kwa haraka. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Marekani, kwa ajabu ya mambo, ndiyo dola pekee katika Umoja wa Mataifa ambayo haijauridhia. Bara wana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yenye mahakama ya watoto na haki ya mtoto kuwakilishwa, na inayokataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Hapa Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Nambari 6 ya mwaka 2011, inayomhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18 na iliyoweka Mahakama ya Watoto. Sheria hiyo ilipewa tuzo ya dhahabu ya kimataifa mwaka 2015, ikasifiwa mbele ya nchi nyingi. Sisi ni watu wa upinzani na hatuna desturi ya kupiga makofi kwa kila litokalo upande wa pili, lakini lililo jema tunaliita jema. Tunalolidai ni kuwa lililomo katika sheria lifike mpaka katika benchi la kituo cha polisi, usiku, pale mtoto anapoulizwa swali la mwanzo. Sheria iliyofungiwa kabatini Vuga haimfai mtoto aliyekamatwa Micheweni au Makunduchi.

Kwa upande wetu yako tunayoyaweza bila ya kumngoja mtu. La mwanzo ni umri. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, akiwa na kimo na ndevu mbili, huandikwa miaka 18 au 19 kwa kutazamwa uso, na hapo ulinzi wote wa sheria ya mtoto humpita kando. Cheti kitafutwe sasa, mtoto akiwa nyumbani, si siku ya matata, siku ambayo mama anakwenda mbio kwa sheha na sheha hayupo.

La pili, mzazi anapofika kituoni aulize kwa adabu: ameshtakiwa kwa kosa gani, nani mlalamikaji, na tangu saa ngapi yuko hapa. Ayaandike. Na amwambie mtoto maneno haya, kwa sauti ya upole: "Usiwe jeuri, usitukane, usikimbie, lakini juu ya kosa lenyewe usiseme neno, wala usitie saini, mpaka afike mtu wa kukutetea." Amwombe na ofisa wa ustawi wa jamii aitwe.

La tatu ni fedha, na hapa ndipo maneno yanapokwisha na kazi kuanza. Halmashauri imekubali kufungua mfuko wa tawi wa kumtafutia wakili mtoto yeyote wa mtaa huu, awe wa mwanachama au wa asiyekuwa mwanachama, awe wa chama chetu au wa chama chengine, kwani watoto hawana kadi. Mfuko utakuwa na daftari la kurasa mbili mbili, inayoingia na inayotoka, na kila mwanachama ana ruhusa ya kulitazama. Watakiwa pia watu wawili wenye kujua kusoma na kuandika, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, watakaokubali kuamshwa usiku na kufuatana na mzazi kituoni.

Daftari litakuwa juu ya meza ya Katibu kesho baada ya sala ya Isha. Wenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao waje na nakala zake. Wasiokuwa navyo waje na jina la mtoto na tarehe wanayoikumbuka.